Makasha ya Mzee Kinanda

Jina la Kinanda alipewa na wenzake kwenye kiwanda cha chapa, enzi zile kitabu kilipokuwa bado kinatengenezwa na mikono ya watu. Akisimama mbele ya kasha lake la herufi, mkono wake wa kulia ulikuwa ukiruka huku na huku kama wa mpiga kinanda, na macho yamo kwenye karatasi ya mwandishi, hayateremki chini hata mara moja. Aliokota herufi za madini, nyembamba kama njiti za kiberiti, akazipanga kichwa chini miguu juu kwenye kibao cha chuma alichokishika kwa mkono wa kushoto. Neno likatoka, likafuata neno, mpaka mstari. Wenye kiwanda walikuwa wakileta wageni waje wamtazame. Siku hizi mgeni haletwi kutazama mtu akifanya kazi. Anaonyeshwa mashine, na kando ya mashine kasimama kijana anachezea simu.

Kasha lenyewe lilikuwa droo pana ya mbao, isiyo na kina, iliyogawanywa vyumba vingi, vikubwa kwa vidogo. Asiyejua angesema vyumba vile viligawanywa ovyo. Herufi inayotakiwa kila mara ilipewa chumba kikubwa karibu na tumbo la mpanga herufi, na ile inayotakiwa kwa nadra ikasukumwa pembeni huko. Makasha yalitoka ng'ambo, na chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha e, kwa kuwa lugha ya walioyaunda inakula e bila kushiba. Lugha yetu inakula a. Basi waliomtangulia Kinanda wakaihamisha a wakaipa nyumba ya e, wakazisogeza karibu k na w na n, na q na x wakazifukuza kabisa, vyumba vyao vikawa vya kuwekea pini za ofisini na vipande vya sigara. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Mkono ulilalamika, wakausikiliza.

Kompyuta zilipoingia, kiwanda kikafungwa. Herufi zikaenda kwa watu wa vyuma chakavu, zikayeyushwa. Makasha hayakupata wa kuyataka, yakarundikwa uani yasubiri kuwa kuni, na Kinanda akaja na mkokoteni akayabeba. Aliyaweka chini ya kitanda na kando ya ukuta, akaishi nayo miaka mingi. Mke wake alipofariki akahamia kwa binti yake, makasha nayo yakahamia.

Binti alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa saluni: viti vitatu, kioo kirefu, na ndoo ya maji isiyokauka. Aliyatazama makasha yakiteremshwa kutoka kwenye gari la mizigo, akashika kiuno.

"Baba, hivi haya masanduku matupu unayahamisha ili yakufanyie nini?"

"Yananijua," mzee akasema.

"Na panya nao watayajua."

Lakini aliyaacha yaingie. Yakapangwa kwenye chumba cha nyuma, alikolala mzee pamoja na mjukuu wake wa pekee, msichana wa miaka tisa aliyeitwa Kipengo tangu meno yake ya mbele yalipong'oka. Meno mapya yalikuwa yameshaota zamani, ila jina halikung'oka.

Mzee Kinanda hakuwa na makuu. Nguo zake zilikuwa suti moja ya kuvaa na moja ya kufua. Alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu, na alikisema waziwazi kwa yeyote aliyekaa naye kwa kikombe cha chai: apatikane mtu mmoja wa kurithi mkono wake kabla haujaingia kaburini. Walioujua mkono ule walikuwa wamekwisha kufa mmoja mmoja. Wasomi waliandika historia ya wenye viwanda na wanasiasa; hakuna aliyeandika kuhusu kidole kinachoijua n gizani. Kila alipokaa peke yake aliuona mkono wake umelala pajani, akauonea huruma kama ng'ombe aliyebaki zizini baada ya wenzake kuuzwa.

Siku za Jumamosi alimpeleka Kipengo kwenye klabu ya roboti. Ilikuwa inafanyika kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maktaba, chini ya mwalimu wa fizikia, mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ya kuamrisha hata anapoomba. Wafadhili wa mbali walikuwa wameitumia klabu seti kadhaa za kuundia roboti: boriti za plastiki zenye matundu, gia za kila ukubwa, mota, springi, magurudumu, pini za kuunganishia, nati ndogo kama punje za ulezi. Kila seti ilikuja kwenye boksi lake zuri. Baada ya muhula mmoja maboksi yalikuwa yamechanika, na vipande vyote, vya seti zote, vimemwagwa kwenye ndoo za rangi za kujengea.

Mzee alizoea kukaa nje akimsubiri mtoto. Siku moja akasikia kelele ya ndani, ile kachakacha ya mikono inayopekua kwenye ndoo, akasimama. Aliijua kelele ile. Kwenye kiwanda cha chapa, kasha likianguka na herufi zikachanganyika, lilikuwa ni jambo la kumnyima mtu usingizi. Akachungulia. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi juu ya ndoo, miguu hewani, wanatafuta. Mmoja analia kwamba mwenzake kamwibia pini. Muda wote wa klabu ulikuwa unaishia kwenye kutafuta.

Akaingia bila kubisha.

"Mwalimu, hawa watoto wanaunda roboti au wanachambua mchele?"

"Shikamoo mzee," mwalimu akasema, amechoka. "Wanachambua mchele."

"Marahaba. Nina makasha."

Hivyo ndivyo makasha yalivyotoka kwenye chumba cha nyuma, la kwanza, la pili, mpaka ukumbini yakajaa meza ndefu yote. Kabla ya kuyapeleka, mzee aliyasafisha jinsi alivyozoea: akayapuliza, akayapangusa kwa kitambaa kikavu, akayakung'utia pale pale uani. Maji hakuyatia. Mbao za zamani zikinywa maji zinavimba, na chumba kikivimba kidole hakiingii.

Kazi ya kupanga ilichukua wiki kadhaa, na hakutaka kuharakishwa. Kwanza alikaa akawatazama watoto wakiunda, asiguse kitu. Alitaka kujua wanaokota nini mara nyingi. Mwalimu alidhani angetenganisha vipande kwa aina: gia na gia, boriti na boriti. Wapi. Mzee aliiweka pini fupi nyeusi, ile inayotakiwa kila dakika, kwenye chumba kikubwa karibu na tumbo. "Hii ndiyo a yenu," akawaambia. Pini ndefu ikawa jirani yake. Gia ndogo zikakaa kulia, kubwa zikarudi nyuma, na sensa, yale macho ya roboti, ambazo mtoto anahitaji moja tu kwa roboti zima, zikapelekwa kule walikofukuziwa q na x. Mota hazikuenea kwenye vyumba. Alizipa droo yao.

Halafu akaleta sheria iliyozua uasi. Mwisho wa kila kikao, kila roboti livunjwe, na kila kipande kirudi nyumbani kwake. Kiwandani waliita kurudisha. Ukishapiga chapa, herufi zote zinarudi kashani, moja moja, na kurudisha ni nusu ya ujuzi.

"Babu, mimi nataka kumwonyesha mama!" alilia kijana mmoja mnene, kakumbatia roboti lake kama mtoto mchanga.

"Mwite mama aje hapa."

"Mama yuko kazini!"

"Basi mwambie lilikuwa zuri. Atakuamini, si mama yako?"

"Huyu babu ni mchawi," mwingine akanong'ona, "anakula roboti."

"Nakula na watoto wanaonong'ona," mzee akajibu bila kugeuka, na ukumbi mzima ukacheka.

Walimzoea. Baada ya muda wakaanza kushindana: nani atavunja na kurudisha kwa haraka, nani atarudisha macho yamefumbwa. Mzee akatembea nyuma yao, mikono mgongoni, akisikiliza. Kipande kikiangukia chumba kisicho chake alijua kwa mlio tu. "Hiyo imepotea njia," anasema, na mtoto anairudia. Nati zile ndogo ndizo zilizowatoa jasho. Zinateleza kwenye vidole vya watoto, zinaruka chini ya meza. Mzee akawafundisha ujanja wa kazi yake mwenyewe, ule walioutumia kwa vipande vyembamba vya kutenganishia maneno.

"Lamba kidole. Kibandike juu yake. Inyanyue. Umeona? Inakufuata yenyewe kama mbwa wa nyumbani."

Wakalamba, wakabandika, wakanyanyua. Nati zikawafuata.

Na katika wote hao, hakuna aliyekuwa kama Kipengo. Mzee aliogopa kulisema, asije akaliharibu, lakini mkono wa mtoto yule ulikuwa mkono wake. Macho yako kwenye roboti, mkono uko kashani, unaruka, unaokota, unarudi, hauulizi. Mzee alimwachia kasha moja pale nyumbani, na mfuko wa pini na nati alioazimwa na mwalimu, na kila jioni baada ya kazi za shule mtoto alikaa chini kwenye mkeka akijizoeza, kasha katikati ya miguu. Msusi akipita na ndoo yake ya maji aliwaona, babu na mjukuu, hawasemezani, vidole tu vinakwenda.

"Mmekuwa kuku," akasema siku moja. "Mnadonoa."

Hata hivyo alitabasamu. Tangu mama yake afariki hakuwa amemwona baba yake na uso ule.

Ilikuwa siku ya kawaida, jua kali, feni ya ukumbini inazunguka kwa uvivu. Mwalimu alimwomba mzee awaeleze watoto herufi zilitoka wapi, maana walikuwa wanauliza kwa nini chumba kile kina alama ya herufi na hiki hakina. Mzee akafurahi. Akakaa kwenye meza, akaeleza kila kitu: tanuri dogo, kalibu, madini yanayeyuka yakawa kama maziwa ya fedha, mtu anayamimina, herufi inatoka ya moto, inang'aa.

"Madini gani, babu?" akauliza yule kijana mnene.

"Risasi. Risasi na vitu vingine kidogo vya kuipa ugumu."

"Ya bunduki?"

"Hiyo hiyo! Ila yetu haikumwua mtu."

Watoto wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na dirisha na chupa ya maji mkononi. Akaiweka chini taratibu.

"Mzee, umesema risasi?"

"Safi kabisa. Mimi nimeishika miaka yangu yote. Hata nikila mkate niliisikia ladha yake, tamu tamu hivi."

Mwalimu alitoa leso nyeupe kwenye mkoba, akaenda kwenye kasha la kwanza, akatoa pini zote kutoka kile chumba kikubwa karibu na tumbo, akaingiza kidole na leso kwenye kona zake, akasugua. Akaitoa. Ncha ya leso ilikuwa ya kijivu, kijivu kile cha mafuta cha penseli. Akajaribu chumba kingine. Akajaribu kasha lingine. Watoto walinyamaza kwa sababu uso wa mwalimu ulikuwa umebadilika, si kwa sababu walielewa.

"Watoto," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuamrisha, "nani kati yenu analamba kidole akiokota?"

Mikono yote ikanyanyuka. Waliinyanyua kwa fahari, maana ulikuwa ndio ujanja wa wakubwa. Kipengo alinyanyua yote miwili.

Mzee Kinanda alitazama msitu ule wa mikono midogo, akatabasamu bado, tabasamu la mtu ambaye habari haijamfikia. Mwalimu akamvuta pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini: risasi ni sumu, vumbi lake likiingia tumboni linakaa kwenye damu na kwenye mifupa, na kwa watoto linaudhuru ubongo.

"Hakuna aliyewaambia?" akauliza. "Miaka yote hiyo, hakuna aliyewaambia?"

Mzee alifikiri.

"Tulipewa maziwa," akasema. "Kila siku, kila mtu pakiti moja. Tulidhani ni ukarimu wa wenye kiwanda."

Ukumbi ukafungwa siku ile ile. Mwalimu aliwapigia simu wazazi mmoja mmoja, naye akisema kosa ni lake, kwamba aliyesomea fizikia ni yeye. Hakuna aliyemsikiliza sehemu hiyo. Wazazi walitaka mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya maabara ya hospitali, kofia mikononi, akiwaona wanapita na watoto wao. Baba wa yule kijana mnene alisimama mbele yake. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, fundi bomba, na mzee alisubiri matusi, akayataka kidogo.

"Mzee," yule baba akasema, "ungekuwa kijana ningejua la kukufanya." Akaenda zake.

Hilo liliuma kuliko tusi. Tusi unaweza kulijibu.

Majibu ya damu yalichukua muda wake. Watoto wengi walikutwa na kiasi kidogo, cha kuangaliwa tu. Kipengo hakuwa miongoni mwa wengi. Wenzake waliyagusa makasha mara moja kwa wiki. Yeye alikaa nayo jioni zote, alilala nayo chumba kimoja, alivuta vumbi lake tangu makasha yalipoteremshwa garini. Daktari, mwanamume mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, aliwaeleza msusi na mzee huku Kipengo akihesabu samaki kwenye bango la ukutani.

"Dawa yake ni ipi?" msusi akauliza.

"Kwa kiwango hiki hatumpi dawa, mama. Dawa zenyewe ni kali, tunaziweka kwa walio juu zaidi. Ondoeni chanzo. Nawisheni mikono. Pigeni deki kwa maji, msifagie kavu. Ale vizuri. Baada ya muda tutampima tena."

"Na huko kichwani?"

"Huenda pasiwe na lolote. Huenda shuleni akachelewa kidogo kushika mambo, au akawa hatulii. Kwa mtoto mmoja mmoja siwezi kusema, na nikisema nitakuwa nadanganya."

"Kwa hiyo tunafanya nini?"

"Hayo niliyosema."

"Hayo si kitu!" msusi akapaza sauti. "Kunawa mikono si kitu!"

Daktari alikubali kwa kichwa. Mzee akauliza kwa woga kama anaweza kutolewa damu yake apewe mtoto. Daktari akasema damu yake yeye ndiyo mbaya zaidi hapo chumbani, na kwamba kwa umri wake wangempima kama anataka. Mzee akasema hataki.

Kisha likaja suala la makasha. Hapo ndipo wenye akili wa siku hizi walipoonyesha uhodari wao. Kuyachoma hairuhusiwi, moshi wake ni sumu. Kuyazika uani haifai. Mvua itateremsha sumu kisimani. Watu wa gari la taka waliyatazama, wakaambiwa ukweli, wakapanda gari lao. Ofisi ya mazingira ilimsikiliza msusi kwa heshima, ikamwomba arudi wiki nyingine, na wiki hiyo ikamwomba arudi nyingine. Zamani, kitu kikikushinda ulikichoma na majivu ukayasahau. Siku hizi sumu ina sheria nyingi, ila haina pa kwenda. Msusi akayafunga kwa nailoni nene, safu juu ya safu, akayakaza kwa kamba, yakasimama uani kama maiti iliyokosa ndugu. Wateja wa saluni wakauliza ni nini. Akawajibu ni vitanda.

Klabu ilifunguliwa tena. Wazazi waliosha vipande vyote kwa sabuni, wamevaa glavu, wakavipanga kwenye masanduku ya plastiki yanayoonyesha ndani. Walivipanga kwa rangi. Nyeusi zote pamoja, nyekundu zote pamoja. Pini nyeusi, gia nyeusi, boriti nyeusi na magurudumu meusi, lundo moja. Watoto wakarudi kulala kifudifudi juu ya masanduku, miguu hewani. Lakini yalikuwa masanduku safi. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani kumwomba apumzike kwanza, asije ukumbini kwa sasa. Alilia kidogo. Mzee akambembeleza yeye.

Nyumbani mambo yalibadilika. Kipengo alihamishiwa chumbani kwa mama yake. Chumba cha nyuma kilipigwa deki kila siku, godoro likatolewa, mkeka ukatupwa. Mzee hakuruhusiwa kumshika mtoto kabla hajanawa, na si kunawa kwake mwenyewe. Binti yake alimpeleka bombani, akaishika mikono yake kama anavyoshika kichwa cha mteja, akaisugua kwa brashi ya kucha.

"Baba, hii nyeusi haitoki."

"Hiyo haipo juu, mwanangu. Iko ndani ya ngozi. Imekaa humo kabla hujazaliwa."

"Rudia."

Naye alirudia. Mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, aliyewahi kuletewa wageni wamtazame, alisimama bombani akageuza viganja juu na chini aonwe.

Lakini Kipengo hakuacha. Hapakuwa na kasha tena, na bado mkono wake uliendelea. Akiokota kifungo alilamba kidole. Akifungua daftari alilamba kidole. Akiokota shanga za saluni sakafuni, zile zinazofungwa mwisho wa nywele, alilamba, akabandika, akanyanyua, na ndani ya nyumba ile, ambayo vumbi lake hakuna aliyejua limebaki wapi, kila kulamba kulikuwa ni kulamba sumu tena. Mama alimkemea. Alimpaka pilipili kidoleni. Alimchapa mara moja, kisha akajifungia chooni akalia. Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa hajui kwamba anafanya.

Jioni moja msusi alifunga saluni mapema, akaja akasimama mlangoni kwa mzee.

"Baba, mimi nimeshindwa. Anakusikiliza wewe. Umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Aache. Yote. Hiyo ya kulamba, na hiyo ya kuokota bila kuangalia, maana haviachani, nimewatazama. Akishaanza kuokota hivyo, kidole kinakwenda mdomoni chenyewe. Mwambie asahau kabisa."

Mzee aliona anachoombwa. Akatafuta neno la kukataa, akamwona binti yake mikono imevimba kwa maji, na macho hayajalala, akalimeza neno hilo.

Kipengo aliitwa. Akakaa kwenye kigoda mbali kidogo, pale alipoonyeshwa na mama yake. Mzee akaanza vibaya, akasimama, akaanza tena.

"Mjukuu wangu. Yale niliyokufundisha."

"Ndiyo babu."

"Sahau."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo mpya. Akaona hakuna anayecheka.

"Nisahau lipi? Kulamba? Mama ameshasema."

"Kulamba."

"Sawa. Kurudisha je? Kurudisha nako kuna sumu?"

Mzee akamtazama binti yake. Binti akatazama sakafu.

"Nako," mzee akasema.

"Na kufumba macho?"

"Nako."

"Lakini babu, mkono ndio unaojua. Ulisema wewe. Mimi sijui unavyojua." Akaunyanyua mkono wake wa kulia akautazama pande zote mbili, kama umefanya kosa. "Sasa nitaufanyaje usahau?"

Maisha yake yote Mzee Kinanda alikuwa amewafundisha watu jinsi ya kuuzoeza mkono, na hakuuliza hata siku moja, wala hakuulizwa, mkono unaondolewaje ulichokwisha kuzoezwa. Aligeuka kwa binti yake kana kwamba yeye angejua. Binti yake alikuwa anamtazama yeye, anasubiri jibu.

"Ukalie," hatimaye akasema mzee. "Ukiona unaanza, ukalie."

Kipengo akatii papo hapo. Akauweka mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia kwa uzito wake wote mdogo, akabaki hivyo, mgongo wima, akiwatazama wakubwa wake wamwambie akae hivyo mpaka lini.